Kwa nini mtu achore chuma kwa rangi za maji? Jibu kwa fundi cherehani

Swali: "Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 40 huu niko kwenye kazi. Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu picha ya mashine ya zamani ya kusagia kahawa, ya Marekani. Nikadhani imepigwa na kamera. Akaniambia imechorwa kwa mkono, kwa rangi za maji, na iko kwenye mkusanyo uitwao Index of American Design. Niliikuza mpaka nikaona mikwaruzo ya chuma. Naomba unieleze: kwa nini mtu akae siku zote hizo anachora chuma wakati kamera ipo? Hiyo ni sanaa au ni kunakili tu? Na mimi ambaye sikusomea sanaa, nitazame nini?"

Shikamoo mzee wangu. Maswali yako ni matatu, nami nitaanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Tazama picha hiyo kama unavyoitazama mashine iliyoletwa na mteja. Akikuwekea cherehani mezani, wewe huanzi kusifia rangi. Unashika gurudumu, unalizungusha taratibu, unafuata nguvu inakotoka na inakofikia, unasikiliza mahali panapokwaruza. Ifanyie picha hivyo hivyo. Anzia kwenye mkono wa kuzungushia. Umefungwa kwa nati au umepigwa ribiti? Nondo yake inashuka katikati ya bakuli la kahawa au imeegemea upande? Ule unga unaangukia wapi? Kama chini kuna kidroo, je, kimeachiwa nafasi ya kuvutika, ule mstari mwembamba wa giza unaokizunguka, au kimegandishwa kwenye sanduku kama mbao moja? Mchoraji aliyeielewa mashine anakujibu yote hayo bila kuandika neno. Aliyebahatisha, wewe utamkamata kabla ya mwalimu yeyote wa sanaa.

Nalisema hili kwa yaliyonipata. Wakati fulani niliamua kuchora cherehani ya marehemu mama, ile ya kuzungusha kwa mkono, nyeusi, yenye maua ya dhahabu. Nimeiona tangu utotoni, nikaamini naijua. Siku mbili za kwanza kazi ilikwenda vizuri. Siku ya tatu nikafika kwenye uzi. Nikachora mstari safi unaotoka kwenye kibiringo na kushuka moja kwa moja hadi kwenye sindano. Dada yangu akapita nyuma yangu, akatazama, akasema, "Hiyo haitashona." Nilikuwa nimeviruka visahani vya kukazia uzi, na ule mkono mdogo unaopanda na kushuka ukivuta uzi kila sindano inapochoma. Ikabidi nianze karatasi mpya. Kwanza nikakaa naye, akanifundisha kutunga uzi kuanzia juu hadi kwenye tundu la sindano, ndipo nikarudi mezani. Picha ile ilinichukua siku 11, na kuanzia hapo sijawahi kuchora mashine kabla sijajua inafanyaje kazi.

Basi hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kunakili ni kufuata ukingo wa kitu. Wachoraji wa mkusanyo ule walilazimika kuuelewa ukingo huo: kwa nini umepinda hapa, kwa nini chuma kimenenepa pale kwenye kiungo, kwa nini rangi imetoka upande mmoja na kubaki upande mwingine. Uelewa huo ukishaingia kwenye mkono, mstari hubadilika. Mimi sina wasiwasi kuuita sanaa.

Sasa la kamera. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa bado inajikongoja kutoka kwenye mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza 1929. Serikali ya Rais Franklin D. Roosevelt iliunda mpango wa kuwapa watu kazi, WPA, na ndani yake kukawa na kitengo cha wasanii, Federal Art Project, kilichoongozwa na Holger Cahill. Wazo la kuchora vitu vya zamani lilianzia maktaba. Romana Javitz, msimamizi wa mkusanyo wa picha katika New York Public Library, alikuwa akifuatwa na wabunifu waliotaka kuona vitu vya nchini kwao, na picha za kuwapa hazikuwepo za kutosha. Yeye na Ruth Reeves, mbunifu wa vitambaa, ndio waliolisukuma jambo hilo mpaka likawa mradi. Wengi walioajiriwa walikuwa wachoraji wa matangazo na magazeti ambao kazi zao zilikuwa zimekufa. Walilipwa mshahara wa wiki, si kwa kila picha, na nadhani jambo hili linaonekana hata kwenye michoro yenyewe. Hakuna dalili ya mtu anayekimbilia kumaliza ili alipwe.

Mradi ulidumu hadi 1942, ukaacha michoro ipatayo 18,000. Mwaka 1943 ilikabidhiwa National Gallery of Art mjini Washington, na huko ndiko iliko mpaka leo. Kuna wanasesere, mablanketi ya viraka, farasi wa mbao wa bembea za kuzunguka, mitungi, nguo. Halafu kuna sehemu inayotuhusu sisi wawili: kufuli, saa, mashine za kusagia, vielekeza upepo vya juu ya mapaa, magari ya kuchezea, na vibubu vya chuma vyenye mitambo ndani.

Kamera zilikuwepo, na zilitumika kwa kumbukumbu. Lakini filamu ya rangi ya Kodachrome ndiyo kwanza ilikuwa inatoka, 1935 kwa sinema na 1936 kwa picha za kawaida, na kuchapa picha za rangi kitabuni kulikuwa ghali. Picha nyeusi na nyeupe isingekuonyesha kwamba gurudumu lile lilikuwa jekundu na mstari wake wa pembeni wa dhahabu. Hiyo ni sababu ya pesa na teknolojia. Cahill alikuwa na nyingine, na ndiyo ninayoipenda: aliamini kwamba kamera, isipokuwa mikononi mwa mabingwa wakubwa kabisa, haiwezi kukitoa kiini cha kitu kama mchoraji anavyoweza.

Ukitaka kumpima Cahill, chukua simu ya mjukuu wako upige picha ya gurudumu la cherehani yako. Utaona dirisha limeakisiwa kwenye chuma, utajiona na wewe mwenyewe umesimama na simu, utaona upande mmoja umeungua kwa mwanga na upande wa pili umezama gizani. Skrubu ya mbele itakuwa kali na gurudumu la nyuma litakuwa na ukungu. Kamera imesema kweli kuhusu sekunde moja ya mchana mmoja. Mchoraji amekaa na kitu hicho siku nyingi. Ameondoa dirisha lakini ameubakiza mng'ao. Ameonyesha skrubu ya mbele na gurudumu la nyuma kwa ukali ule ule. Amefungua kivuli kiasi cha kukuwezesha kuona meno ya gia yaliyojificha humo, bila kukuharibia hisia kwamba huko ndani kuna giza.

Namna yenyewe ya kuchora ilipitia Misri. Mmarekani mmoja, Joseph Lindon Smith, alitumia miaka mingi kuchora kuta za makaburi na sanamu za Misri ya kale kwa uaminifu ambao ulimfanya mtazamaji ahisi jiwe lenyewe. Suzanne Chapman, aliyekuwa akifanya kazi kwenye Museum of Fine Arts ya Boston, aliufuata utaratibu huo, na kupitia kwake ukawafikia wachoraji wa mradi huko Massachusetts. Kitu kinawekwa mbele ya macho, kinapimwa, kinachorwa kwa penseli nyepesi kabisa. Kisha rangi inaingia kwa matabaka membamba, la kwanza hafifu kama maji ya chai, likauke, la pili, likauke, la tatu. Unakwenda kutoka kwenye weupe kuelekea kwenye giza, na huwezi kurudi nyuma kirahisi. Pembeni ya kila mchoro kulikuwa na karatasi ya maelezo: ni kitu gani, cha lini kama inajulikana, kimetengenezwa kwa nini, kina ukubwa gani, ni mali ya nani.

Jambo ambalo watu wasioshika brashi huwa hawalijui ni kwamba kwenye kisanduku cha rangi za maji hakuna chuma. Hakuna rangi ya fedha iliyo kweli fedha, wala shaba iliyo kweli shaba. Kinachokufanya uone chuma ni jinsi mwanga na giza vinavyokaa jirani. Kuza tena ile picha yako. Ukifika kwenye kipande cha shaba kilichosuguliwa utakuta kahawia nzito, karibu nyeusi, imegusana na njano iliyofifia sana bila kitu cha kuzilainisha katikati, na pale panapometa zaidi hakuna rangi hata kidogo: ni karatasi yenyewe. Mchoraji alilizunguka eneo hilo kwa brashi siku zote hizo bila kuligusa, kwa sababu weupe wa karatasi ukishapotea haurudi ulivyokuwa. Ukihama kwenda kwenye chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, mambo yanageuka. Mwanga unapita polepole kwenda kivulini, na juu yake kuna vidoa vidogo vya brashi iliyokauka nusu, vinavyoleta ule ukwaru wa mchanga wa kalibu. Mbao ni kitu kingine tena, nyuzi zake zinafuatwa moja moja. Mchoro mzuri utakufanya ujue, kwa macho tu, ni sehemu ipi ingekuwa baridi ukiigusa asubuhi.

Kuna mchoro mmoja maarufu katika mkusanyo huo, wa Lucille Chabot, wa mwaka 1939: malaika Jibrili anapuliza tarumbeta, kielekeza upepo cha chuma chenye dhahabu ya 1840 kilichokaa juu ya kanisa huko Massachusetts. Picha ilifika mbali. Mwaka 1965 posta ya Marekani iliitumia kwenye stempu ya Krismasi ya senti 5. Kwenye stempu unaona malaika tu. Kwenye mchoro mkubwa unaona bati lililopigwa na upepo na mvua kwa karibu miaka 100, na dhahabu ambayo haikubaki sawa kila mahali.

Na hapo nafika kwenye kitu ambacho wewe utakiona kuliko mimi: uchakavu. Cherehani za zamani za Singer zilipakwa rangi nyeusi inayong'aa, kisha zikabandikwa nakshi za dhahabu, nyingine zikiwa na ile sura ya sanamu ya Misri yenye mwili wa simba. Wewe unajua nakshi zinapoanzia kufutika. Ni kwenye kitako, upande wa mbele, kabla ya sindano, kwa sababu huko ndiko kitambaa na viganja vinakopita mchana kutwa. Nyuma ya mashine maua yanaweza kuwa kamili kama siku ilipotoka dukani. Basi mtu asiyeelewa akichora cherehani chakavu, atatawanya mikwaruzo popote apendapo ili ionekane ya kale. Mchoraji wa kweli ataiweka mahali mkono ulipokuwa. Kwenye mashine ya kahawa tazama kipini cha mkono wa kuzungushia, tazama ukingo wa bakuli ambako kopo la kahawa liligonga kila asubuhi, tazama kifundo cha kidroo. Kama mpini umelainika na kung'aa huku pembe za sanduku zikiwa bado na rangi nzito, unamtazama mtu mwenye mashine ile, ingawa hajachorwa.

Kama mashine uliyoiona ni ile kubwa ya dukani, yenye magurudumu mawili mazito, huenda ilikuwa ya aina iliyotengenezwa na Enterprise Manufacturing Company ya Philadelphia, ambazo kwa kawaida zilipakwa nyekundu. Magurudumu yale si pambo. Yakishashika mwendo, uzito wake huvusha mkono pale punje ngumu zinapokwama, kama gurudumu la cherehani ya kukanyaga linavyoivusha sindano kwenye mshono mnene. Angalia kama mchoraji ameyapa uzito huo: unene wa ukingo wa nje, wembamba wa mikono ya kati.

Vibubu navyo nataka nikae navyo kidogo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 viwanda vya Marekani vilimimina vibubu vya chuma ambavyo sarafu ikiwekwa, kitu hutokea. Kampuni ya J. & E. Stevens ya Cromwell, Connecticut, ilikuwa mstari wa mbele. Mtu aitwaye John Hall alipata hati miliki ya kibubu cha namna hii mwaka 1869, na miaka michache baadaye kikaja kile cha Tammany: bwana mnene ameketi kitini, unamwekea sarafu mkononi, mkono unashuka, sarafu inaingia mfukoni mwa koti lake, naye anatikisa kichwa kushukuru. Tammany lilikuwa jina la kundi la wanasiasa wa New York waliojulikana kwa rushwa, na kila aliyekinunua alielewa. Hakuna springi inayohitajika kwa tendo hilo. Uzito wa sarafu unalemea mkono, mkono ni wenzo, na kichwa kimeunganishwa nao.

Sasa fikiria kazi ya mchoraji. Kitu chenye kazi ya kusogea, yeye anatakiwa akichore kimetulia. Hawezi kuchora mistari ya mwendo kama ya katuni, utaratibu hauruhusu. Alichonacho ni nafasi zilizopo kati ya kipande na kipande: kijiufa cheusi begani mahali mkono unapoingia mwilini, uwazi shingoni unaoonyesha kichwa hakijaungwa na kola, na njia ambayo sarafu imepita mara nyingi mpaka rangi ikalika. Akivichora hivyo sawasawa, vidole vyako vinataka kutafuta sarafu. Akiviziba kwa rangi, umebaki na sanamu.

Nisikufiche upande mwingine. Vibubu vingi vya enzi zile vilitengenezwa kumdhihaki mtu mweusi. Kimoja kilichoenea sana kilikuwa kichwa chenye mkono kinachomeza sarafu, na sura yake ni tusi. Ukikutana na michoro au picha za vitu hivyo huko mtandaoni, ubora wa brashi usikufumbe macho. Vilevile mkusanyo ule, pamoja na jina lake, uliviacha nje vitu vya wenyeji wa asili wa Marekani, na sehemu kubwa ya kilichochorwa ni urithi wa wahamiaji kutoka Ulaya. Naipenda michoro hii kwa moyo wote, na bado naona pengo hilo kila ninapoifungua.

Uchoraji wa mashine kwa rangi za maji haukuanzia hapo. Kabla ya hapo wahandisi wenyewe walipaka rangi ramani zao, na kila metali ilikuwa na rangi yake: chuma cha kalibu kijivu, chuma cha kufua buluu ya Prussia, feleji zambarau, shaba ya njano manjano, mbao kahawia, tofali wekundu. Fundi wa karakana aliyeshindwa kusoma maandishi alisoma rangi. Kijivu chenyewe mara nyingi kilikuwa kile kiitwacho kijivu cha Payne, kutokana na William Payne, mchoraji wa Uingereza aliyekichanganya kwa ajili ya mandhari ya milima na mawingu. Baadaye nakala za karatasi ya buluu, zilizotokana na uvumbuzi wa John Herschel wa 1842, zikaenea karakanani. Zilitoa mistari myeupe juu ya buluu tu, hivyo rangi zikaachwa. Ukikutana na ramani ya injini ya mvuke ya zamani yenye rangi hizo, hata aliyeichora hakukusudia kukupendeza, simama uitazame. Kwangu mimi baadhi yake zinashinda michoro mingi iliyotundikwa kwenye fremu za dhahabu.

Michoro ya Index unaweza kuiona bure kwenye tovuti ya National Gallery of Art, na kuipakua, kwa kuwa haina haki za kuzuia. Mwambie mjukuu akutafutie kufuli na saa pia. Usiikuze mara moja. Itazame kwanza nzima, simu ikiwa mbali kidogo, ujue kitu kinasimamaje na uzito wake uko wapi. Ndipo ukuze, ufuate nguvu kutoka mkononi hadi kwenye kazi. Mwisho tafuta mahali karatasi imeachwa nyeupe. Dakika 20 kwa mchoro mmoja zinatosha kwa siku.

Na kama kijana anapenda kuchora, usimpe picha ya simu aifuate. Mwekee cherehani yako kongwe kuliko zote karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka juu kushoto, kama walivyozoea wachoraji wa mashine, ili vivuli vyote viangukie upande mmoja. Mpe penseli ngumu, karatasi nene, na rangi tatu au nne tu. Kabla hajachora mstari wowote, mtungishe uzi wewe mwenyewe, kutoka kwenye kibiringo hadi kwenye sindano, mara tatu.